Pumu: pampu mbili, moshi wa jikoni na usiku wa kubanwa

Wengi wenye pumu, wawe Nyalenda mjini Kisumu au Kaptembwo mjini Nakuru, wana desturi moja. Kifua kikibana wanavuta pampu ya samawati, kikiachia wanairudisha mfukoni, na habari inaishia hapo mpaka kibane tena. Tatizo ni kwamba kifua kilichotulia hakijapona. Ukilielewa hilo, mengine yote kuhusu ugonjwa huu yanakuwa rahisi kuyafuata.

Mirija ya hewa ndani ya mapafu imegawanyika kama matawi ya mti, na kila tawi lina misuli iliyolizunguka. Kwa mwenye pumu, kuta za mirija hiyo zimevimba kwa ndani, na uvimbe huo upo hata siku anayopanda mlima Menengai bila kuhema. Likija vumbi, baridi, moshi au mafua, misuli inakaza, makohozi mazito yanatoka, na njia ambayo tayari ilikuwa nyembamba inakaribia kuziba. Hewa ikipenya hapo ndipo unaposikia ile filimbi. Mgonjwa huona kama hewa haiingii, lakini hasa ni ile ya ndani inayoshindwa kutoka.

Sasa, dawa ya pampu ya samawati, salbutamoli, inalegeza misuli. Inafanya kazi ndani ya dakika chache na nguvu yake hudumu saa 4 hadi 6. Uvimbe haiugusi kabisa. Unaoondoa uvimbe ni ule mvuke wa steroidi, kwa mfano beklometasoni, ambao mara nyingi huja katika pampu ya kahawia, au budesonidi iliyochanganywa na formoteroli, ambayo hulegeza misuli. Hiyo huchukua siku na wiki kuonyesha kazi yake, ndiyo maana watu huiacha wakidhani haifai. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, hauungi tena mkono kumtibu mtu mzima au kijana kwa salbutamoli peke yake. Ukijikuta unamaliza pampu 3 za samawati kwa mwaka, pumu yako haijadhibitiwa. Ukimaliza moja kila mwezi, uko katika hatari ya kufa kwa pumu, na hiyo si lugha ya kutishana.

Kuna wanaoiogopa steroidi kwa sababu wamemwona mtu aliyevimba uso kwa vidonge. Piga hesabu. Mibonyezo miwili ya pampu ya mikrogramu 100 ni mikrogramu 200. Kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5 ni mikrogramu 5,000, yaani mara 25 ya hiyo, tena kidonge huzunguka mwili mzima wakati mvuke unakwenda pale pale penye ugonjwa. Mjamzito pia asiache pampu zake. Mama akikosa hewa, mtoto tumboni anaikosa pia.

Kwanza, hakikisha ni pumu

Pumu ina tabia ya kuja na kuondoka. Huzidi usiku na alfajiri, au baada ya kucheka sana, kukimbia, kufagia. Mara nyingi kwenye ukoo yupo mwingine mwenye pumu, ukurutu wa ngozi au chafya zisizoisha.

Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, pamoja na homa, jasho la usiku na kupungua uzito, ni cha kupimwa kifua kikuu kabla ya jambo lingine lolote. Usikubali kupewa pampu tu urudi nyumbani. Na mama mzee aliyepika kwa kuni maisha yake yote, ambaye pumzi zake zimepungua polepole mwaka hadi mwaka bila kuwa na siku nzuri hata moja, huenda mapafu yake yameharibiwa na moshi. Dawa zake hazifanani moja kwa moja na za pumu.

Kwa watoto kosa huenda upande wa pili. Mtoto anakohoa kila mwezi na kila mwezi anaandikiwa antibiotiki kwa kuwa "ana kifua". Antibiotiki haipunguzi uvimbe wa pumu. Kama kikohozi kinarudi kila mara, huzidi usiku na kinaambatana na filimbi, omba apimwe pumu.

Kipimo chepesi zaidi ni kipima pumzi, kile kibomba cha plastiki chenye mshale. Unapuliza kwa nguvu zako zote mara tatu, namba kubwa ndiyo inayoandikwa. Kisha unavuta salbutamoli, unangoja dakika 15, unapuliza tena. Namba ikipanda kwa asilimia 20 au zaidi, tuseme kutoka 250 hadi 300, ushahidi wa pumu ni mzito. Kituo kikikosa kifaa hicho, omba barua ya kwenda hospitali ya rufaa, iwe ile ya Nakuru au Jaramogi kule Kisumu.

Kuvuta pampu ya kubonyeza

Hapa ndipo dawa nyingi hupotea. Mtu anabonyeza, dawa inagonga koo, anaimeza, halafu anasema pampu ni feki.

Toa kifuniko uchungulie ndani. Pampu inayokaa mfukoni au kwenye mkoba huokota nyuzi, makombo na hata sarafu ya shilingi. Itikise vizuri. Kama ni mpya au haijaguswa kwa siku kadhaa, puliza mara mbili hadi nne hewani kwanza, kadiri kikaratasi chake kinavyoelekeza. Kaa wima. Toa pumzi taratibu mpaka kifua kiwe kimepungua, weka mdomo wa pampu katikati ya meno, ulimi chini, midomo ifunge kabisa. Anza kuvuta hewa polepole na papo hapo bonyeza mara moja. Usikome, endelea kuvuta polepole sekunde 3 hadi 5, kisha toa pampu mdomoni ushike pumzi ukihesabu hadi 10. Ukitakiwa kuvuta mara ya pili, subiri nusu dakika au dakika nzima, utikise tena, urudie yote.

Ukiona moshi mweupe unatoka mdomoni au puani, dawa haijaingia. Sababu huwa moja kati ya hizi: umebonyeza kabla hujaanza kuvuta, umevuta kwa pupa kama mtu anayenusa ugoro, au umebonyeza mara mbili katika pumzi moja.

Ukimaliza pampu ya steroidi sukutua kwa maji na uyateme. Usiposukutua unaweza kupata utando mweupe mdomoni na sauti kukauka.

Pampu za unga ni nyingine kabisa. Hizo huvutwa kwa nguvu na kwa haraka, hazipulizwi ndani, hazioshwi kwa maji wala haziwekwi kwenye spesa, chombo kinachoelezwa hapa chini.

Kujua zimebaki ngapi: pampu nyingi zina mibonyezo 200. Kama unavuta miwili asubuhi na miwili jioni, inakwisha siku ya 50. Andika tarehe hiyo kwa kalamu ya wino mzito ubavuni siku unapoifungua. Usiitumbukize kopo lake kwenye maji kuona kama litaelea. Haikuambii kitu, na unaweza kuiharibu. Pia usidanganyike na mlio ukiitikisa, kwa kuwa gesi hubaki na kuendelea kupuliza hata dawa ikiwa imekwisha. Ganda la plastiki peke yake ndilo linalooshwa, mara moja kwa wiki, kwa maji ya vuguvugu, likaushwe usiku kucha.

Spesa ya chupa

Spesa ni chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo ili dawa itulie humo, nawe uivute bila haraka. Mtoto yeyote anaihitaji, na watu wazima wengi pia. Ya dukani ni ghali, lakini chupa ya soda au maji ya nusu lita hufanya kazi. Hili lilipimwa Cape Town kwa watoto wenye pumu, na matokeo yaliyochapishwa 1999 yalionyesha kwamba chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani. Kilichoshindwa kilikuwa kikombe cha plastiki.

Chagua chupa yenye kitako kilicho bapa kidogo. Zile zenye vifundo vitano chini husumbua. Ioshe kwa maji yenye sabuni ya vyombo, kisha iache ikauke yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa wala kuisuuza ndani. Ukiifuta, plastiki inapata umeme tuli na dawa inaganda ukutani badala ya kwenda kwa mtoto. Kunja waya wa hanga ufuate umbo la mdomo wa pampu, yaani duara lililobanwa. Upashe moto kwenye jiko hadi uwe mwekundu, ushike kwa koleo, uukandamize kitakoni kwa sekunde chache mpaka plastiki itoboke. Sukuma mdomo wa pampu ndani plastiki ikiwa bado na joto, ili tundu lishike umbo lake. Zungusha gundi au selotepu palipo na upenyo. Fanya kazi hii nje, maana harufu ya plastiki iliyoungua yenyewe inaweza kumbana mgonjwa.

Kutumia: chupa ilale, kopo la pampu lisimame wima, mtoto afunge midomo kwenye mdomo wa chupa. Tikisa, bonyeza mara moja, apumue kawaida ndani na nje mara 5 au 6 bila kutoa mdomo. Kisha tikisa na urudie. Kubonyeza mara nne mfululizo ili kuokoa muda hakuongezi dawa. Matone hugongana na kuganda kwenye plastiki. Mtoto wa chini ya miaka 4 hivi hawezi kufunga midomo sawasawa, kwa hiyo anahitaji spesa yenye barakoa kutoka hospitalini. Chupa ikipasuka au ikipata ukungu usiotoka, tengeneza nyingine.

Kuhusu vidonge na sharubati za salbutamoli zinazouzwa kwenye maduka ya dawa: ni rahisi kuzipata, lakini huchelewa kufanya kazi, hutetemesha mikono na kuufanya moyo udunde. Pesa hizo ni afadhali ziende kwenye pampu.

Moshi, vumbi na godoro

Hakuna pampu itakayoshinda jiko la mawe matatu lililo ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Gesi ndiyo bora, hata mtungi wa kilo 6 wa kupikia chai na mboga huku maharagwe na githeri yakibaki nje kwenye kuni. Ikishindikana, tumia kuni zilizokaa juani mpaka zikipigana zinalia kavu, zipasuliwe nyembamba, na jiko la Upesi, lile la udongo, au lolote linalobana moto. Magunzi na mabua mabichi hutoa moshi mwingi kuliko joto. Toboa tundu juu ya jiko na jingine chini ukutani, hewa ipande. Jiko la makaa halina moshi wa kuonekana, lakini likilala ndani chumba kikiwa kimefungwa, gesi yake huua hata asiye na pumu. Wakazi wa Molo na Kericho msimu wa baridi walisikie hili mara mbili.

Kisumu kuna mambo yake. Mtaa wa Obunga, wanakokaangia mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyobaki minofu ikitolewa, moshi wa mafuta na kuni hukaa chini asubuhi na jioni. Anayefanya kazi hiyo akae upande upepo unakotoka, na mtoto mwenye pumu asikae kando ya karai. Kanda ya miwa, kutoka Muhoroni hadi Mumias, shamba likichomwa funga madirisha ya upande huo na usianike nguo mpaka majivu yaishe kuanguka. Halafu kuna dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya duara. Chumba kidogo kikifungwa nayo usiku kucha, moshi wake ni mwingi kuliko watu wanavyodhani. Malaria ipo, mbu wapo, kwa hiyo jibu ni chandarua. Chandarua kipya kilichotiwa dawa kianikwe kivulini kwa siku moja kabla ya kulalia. Koroboi nayo ibadilishwe na taa ya sola.

Nakuru shida kubwa ni vumbi, hasa Januari na Februari upepo unapovuma kavu. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, na mwenye pumu asiwe ndiye anayefagia. Wanaopukuchua mahindi kwa mashine, kuanzia Rongai mpaka Kitale, wavae barakoa inayobana pua, ile ngumu ya N95. Leso iliyofungwa usoni huzuia makapi, haizuii vumbi laini linalofika mapafuni. Kinu cha posho ni vivyo hivyo.

Ndani ya nyumba adui mkubwa haonekani: ni utitiri wa vumbi unaoishi kwenye godoro, mto na blanketi, nao hupenda unyevunyevu kama wa kando ya ziwa. Funika godoro kwa plastiki au mpira na uweke shuka juu. Mashuka yaoshwe kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi joto 60 hivi. Jua husaidia kukausha, lakini utitiri uliokufa lazima uondolewe kwa kufuliwa na kukung'utwa, na anayekung'uta asiwe mgonjwa. Kuku wanaolala jikoni au sebuleni wajengewe kibanda. Mazulia yaondoke chumba cha kulala. Mende wapunguzwe kwa kufunika vyakula na kwa dawa ya chambo, si ya kupuliza.

Dawa nyingine pia hubana kifua. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huwaamshia pumu baadhi ya watu wazima, hasa wenye pua inayoziba daima. Dawa za presha kama propranololi na atenololi, hata matone ya macho ya timololi, zinaweza kuleta balaa. Kila unaponunua dawa ya maumivu au kuandikiwa ya presha, sema kwanza una pumu. Parasetamoli kwa kawaida haina shida.

Michezo haikatazwi. Paula Radcliffe wa Uingereza ana pumu, na rekodi yake ya marathoni ya saa 2:15:25 ya mwaka 2003 haikuvunjwa mpaka Brigid Kosgei wa Kenya alipokimbia Chicago mwaka 2019. Cha muhimu ni kupasha mwili joto dakika 10 hadi 15, kuvuta hewa kwa pua asubuhi za baridi, na kuwa na pampu uwanjani, si kwenye basi.

Mtoto wa shule ya bweni awe na pampu yake mwilini. Kuifungia kwenye kabati la matroni, na matroni awe amekwenda mjini na ufunguo, ni mpango wa hatari. Mzazi apeleke pampu ya pili na chupa shuleni, pamoja na karatasi moja inayoeleza hatua zinazofuata hapa chini, na aombe mtoto asipangiwe zamu ya kufagia darasa wala kufuta ubao.

Akibanwa

Mkalishe wima, ameinamia mbele kidogo, viwiko juu ya magoti au meza. Usimlaze. Legeza ukosi na mkanda, waambie watu watoke mlangoni hewa ipite. Pampu ya samawati kwa spesa: bonyezo moja, pumzi 4, rudia mpaka mibonyezo 4. Subiri dakika 4. Hakuna nafuu, rudia 4 nyingine, na hapo hapo anza safari ya hospitali huku ukiendelea hivyo njiani. Kama daktari alimwandikia mpango tofauti, kwa mfano ile pampu ya budesonidi na formoteroli, fuata ulioandikwa.

Usingoje dakika hata moja ukiona haya: hawezi kumaliza sentensi moja, mbavu na shimo la shingo vinaingia ndani kila akivuta, midomo au kucha zinageuka kijivu, mtoto hawezi kunyonya, au anasinzia na kuchanganyikiwa. Na filimbi ikinyamaza ghafla huku bado anahangaika, hiyo si nafuu. Ni kwamba hewa imekoma kupita. Piga 999 au 112, lakini usikae tu kungoja. Gari ni bora kuliko bodaboda kwa sababu mgonjwa anahitaji kuegemea na mtu wa kumbonyezea pampu. Weka mapema namba za majirani wawili wenye gari wanaopokea simu saa nane za usiku.

Kumfukizia mvuke, kumpaka mafuta ya taa kifuani, kumpa dawa ya usingizi ili "atulie": yote haya yamewahi kumchelewesha mtu. Dawa ya usingizi ndiyo mbaya kupita zote, maana inazima juhudi ya kupumua.

Hospitalini atapewa oksijeni, salbutamoli kwa nebulaiza (mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta) au spesa, na prednisoloni ya vidonge kwa siku kadhaa. Vidonge hivyo vimalizwe vyote hata akiona amepona siku ya pili, kwa kuwa uvimbe huchelewa kuisha na wengi hurudi wodini ndani ya wiki ile ile. Arudi kliniki siku chache baadaye hata kama anajisikia vizuri, akiwa na pampu zote mbili na ile chupa, amwonyeshe muuguzi jinsi anavyovuta tangu kutoa kifuniko hadi kushika pumzi.